Fuwele Ipitishayo Umeme kwa Njia Mbili

Wanafunzi wa darasa langu la fizikia wameniuliza habari za sola mpya iitwayo perovskaiti, inayosifiwa kuwa ni rahisi kutengeneza kuliko zile za silikoni tuzionazo juu ya mapaa. Swali ni jema, na jibu lake lawafaa wazazi pia, maana wao ndio wanunuzi.

Perovskaiti ya asili ni jiwe lililopatikana katika milima ya Ural, Urusi. Mwaka 1839 Gustav Rose aliliita kwa jina la Lev Perovski. Fuwele ya sola si jiwe lile. Imefuata mpangilio wake tu. Kila atomu ya risasi huzungukwa na atomu sita za iodini, na katika uwazi uliobaki hukaa molekuli ndogo ya kaboni, nitrojeni na haidrojeni. Kwa mchanganyiko huo huitwa fuwele mahuluti.

Basi tuutazame umeme wake. Mwanga ukiipiga fuwele, elektroni huruka pengo la nishati la kiasi cha elektroni-volti 1.6, na nyuma yake huacha nafasi tupu. Viwili hivi huachana kwa urahisi, kila kimoja kikashika njia yake. Tena, kasoro za fuwele, ambazo katika silikoni hunasa elektroni kama mitego, hapa hazinasi sana. Ndiyo sababu silikoni haina budi kusafishwa mno na kuyeyushwa kwa joto la nyuzi 1,414, lakini perovskaiti hupakwa juu ya kioo mfano wa rangi na kukaushwa kwa nyuzi 100 hivi. Utando wake hauzidi sana nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita.

Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake, huko Japani, waligeuza asilimia 3.8 ya nguvu za mwanga kuwa umeme. Kufika 2021, sola ndogo za maabara zilikwisha pita asilimia 25.

Mbona basi hazijaenea? Hapa ndipo penye somo. Mnajua kwamba chumvi kavu haipitishi umeme, lakini ikikorogwa majini ioni zake hutembea. Katika perovskaiti ioni za iodini hutembea ingawa fuwele ni kavu! Elektroni hupita upesi kuliko kufumba jicho. Ioni huchukua sekunde, hata dakika. Ni njia moja ipitwayo na baiskeli pamoja na kobe. Kobe hao wakikusanyika ukingoni, huwazuia au huwasaidia wenye baiskeli.

Kwa hiyo ukipima sola hiyo kwa kupandisha volti utapata jibu moja, na kwa kuzishusha utapata jingine. Jambo hili lilizua mjadala mkubwa mwaka 2014. Je, mzani wa sukari ukionyesha kilo moja mara hii, na kilo na robo mara ya pili, utamwamini muuzaji? Kipimo cha haki ni kuiacha sola itoe umeme mfululizo chini ya mwanga mpaka itulie, ndipo usome.

Mwendo wa ioni huidhoofisha fuwele pia, hasa penye joto. Maji nayo huivunja, na risasi iliyomo ni sumu. Kwa hiyo wataalamu huchanganya sesiamu ili kuiimarisha, na huifunika kwa vioo visivyopenyeza unyevu.

Wazazi na wanafunzi, siku mtakapouziwa sola hizi msiulize tu zatoa umeme kiasi gani. Ulizeni pia zimepimwa kwa muda gani, na katika joto gani.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini kasoro za perovskaiti hazidhuru sana?
2. Kwa nini vipimo viwili vya sola moja vyaweza kutofautiana?
3. Kwa nini sola hii ni lazima ifunikwe vizuri?