SOMO LA USEREMALA: TUNZA BLEDI ZA MSUMENO MWEMBAMBA



Somo hili ni kwa maseremala waliorudi kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Bugarama hadi Rumonge, na kwa wale wanaojiandaa kurudi. Wengine waliondoka huko mwaka 1972, wengine 1993, wengine 2015. Aliyejifunza useremala kambini anarudi na mali mbili: ujuzi wake na sanduku lake la vifaa. Ujuzi haushiki kutu. Vifaa hushika kutu, huvunjika na hupotea.

Leo tunazungumzia kifaa kidogo kuliko vyote sandukuni: bledi za msumeno mwembamba.

Msumeno huu ni upi?

Ni ule wenye fremu ya chuma yenye umbo la herufi U, mpini wa mbao, na bledi nyembamba iliyovutwa katikati. Tunautumia kukata mapindo na maua: kichwa cha kitanda, mgongo wa kiti, matundu ya hewa juu ya mlango. Ukitaka kukata ua katikati ya ubao, unatoboa kwanza kwa keekee, unapitisha bledi tundunini, kisha unaifunga kwenye fremu. Wenye umeme hutumia mashine ya kazi hiyo hiyo.

Bledi yake ni rahisi kuvunjika na haifai kunolewa. Ikiharibika unatafuta nyingine. Tuseme umeahidi kichwa cha kitanda cha harusi kwa Jumamosi. Alhamisi unafungua sanduku, unakuta bledi zote zimeshikana kwa kutu. Dukani hapo karibu hakuna. Inabidi kupanda gari hadi Bujumbura. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na mteja atakwenda kwa fundi mwingine. Hasara hiyo yote imetoka kwenye kopo lisilo na kifuniko.

Hatua ya 1: Tenga bledi zako

Mwaga bledi zote juu ya kitambaa, mahali penye mwanga. Zitenge kwa mambo matatu.

(a) Ncha na urefu. Bledi za fremu kubwa huwa na pini ndogo kila upande, na urefu wake ni kama sm 16 na nusu. Bledi za fremu ndogo na nyingi za mashine ni kama sm 13. Baadhi zina pini, baadhi hazina. Bledi isiyo na pini haikai kwenye fremu inayotaka pini. Usizichanganye.

(b) Meno. Hesabu meno katika urefu wa inchi 1, yaani sm 2 na nusu. Meno mengi ni bledi laini, ya ubao mwembamba na plaiwudi. Meno machache ni bledi kali, ya mbao nene. Kanuni ni hii: wakati wa kukata, meno mawili au matatu yawe ndani ya ubao kwa pamoja. Yakiwa pungufu ya hapo, bledi inakwama, inachana ubao au inakatika.

(c) Hali. Mpya peke yake, iliyotumika peke yake, iliyokwisha peke yake. Usijaribu makali kwa kidole. Kata kipande cha mbao: bledi iliyokwisha huchoma ubao, hutoa harufu ya moshi, na hukataa kufuata mstari.

Hatua ya 2: Tengeneza vyumba vya bledi

Huhitaji kununua kitu. Chukua mwanzi uliokauka kabisa. Kata vipande vya sm 20, na kila kipande kiwe na fundo upande mmoja ili fundo hilo liwe kitako. Mwanzi mbichi haufai. Una maji ndani, nayo yataleta kutu. Kipande cha bomba la plastiki kilichobaki kwenye kazi ya maji kinafaa pia. Ziba upande mmoja kwa mbao kavu. Kifuniko ni kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichofungwa kwa kamba.

Weka alama nje ya kila kimoja kwa kisu:
- Mkato 1: bledi laini.
- Mikato 2: bledi za kati.
- Mikato 3: bledi kali.

Mwanafunzi asiyejua kusoma atazijua alama hizi kwa kupapasa, hata gizani.

Funga bledi kumi kumi kwa uzi, meno yote yaelekee upande mmoja. Ukichomoa bledi utajua meno yanaelekea wapi kabla ya kuifunga kwenye fremu. Kwa msumeno wa mkono, mafundi wengi huelekeza meno upande wa mpini, ili bledi ikate wakati wa kuvuta. Kwenye mashine, meno huelekea chini.

Hatua ya 3: Kausha, kisha paka mafuta kidogo

Kwetu ziwani hewa ina unyevu, na mvua hunyesha kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei. Jasho la mkono peke yake linatosha kuanzisha kutu. Kila jioni fanya hivi:
1. Legeza bledi kwenye fremu. Ikibaki imevutwa usiku kucha huchoka, na fremu hupinda.
2. Futa vumbi la mbao kwa kitambaa kikavu. Vumbi la mbao mbichi hushika maji.
3. Pitisha kitambaa chenye tone la oili ya cherehani au ya injini. Tone moja linatosha. Oili ikizidi itachafua ubao.
4. Kabla ya kukata kesho yake, futa oili, kisha sugua ubavu wa bledi kwa mshumaa. Itateleza vizuri.

TAHADHARI: Usipake mawese. Tunajua Rumonge mawese yapo tele. Lakini mawese yakikaa huchacha na kuongeza asidi, na asidi hula chuma. Tena yanatia ubao rangi nyekundu, na huita panya na mende.

Hatua ya 4: Chagua mahali pa kuweka

Ning'iniza vyumba vyako vya mwanzi ukutani, juu ya kichwa cha mtu mzima, mbali na dirisha. Usiviweke sakafuni. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia katika nyumba nyingi za ufukweni, Rumonge pia. Aliyeweka vifaa chini alivitoa matopeni.

Usiweke bledi karibu na chumvi ya kukaushia samaki, wala kwenye gunia lililokuwa na chumvi au mbolea. Vyote viwili hula chuma upesi.

Bledi zilizovunjika

Hapa tusifanye mzaha. Kipande cha bledi ni chembamba kama mwiba, nacho kikianguka kwenye vumbi la mbao hakionekani. Watoto wetu hucheza peku mlangoni mwa karakana. Jeraha dogo lenye udongo linaweza kuingiza pepopunda, ugonjwa unaoua.

Basi chukua kopo lenye kifuniko, toboa mwanya juu yake, na kila kipande kitumbukie humo mara tu kinapovunjika. Kopo likijaa, lipige lizibe na ulifukie ndani ya shimo la taka, siyo kichakani. Mtu akichomwa, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya uulize juu ya chanjo.

Siku ya safari

Unayejiandaa kurudi, usitupe bledi sandukuni pamoja na nyundo na patasi. Zitie kwenye mwanzi, ziba kwa mpira, zungushia nguo. Hesabu kabla ya kuondoka: laini ngapi, za kati ngapi, kali ngapi. Andika kwenye karatasi uiweke pamoja na karatasi zako nyingine. Ukifika, hesabu tena. Nyumba na shamba huenda vikachukua muda kupatikana, lakini fundi mwenye bledi nzima anaweza kuanza kazi chini ya mwembe siku ya pili.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Tuna bledi ngapi nzima leo, na ni za aina gani?
2. Kwa nini mwanzi mbichi haufai?
3. Kwa nini tunalegeza bledi jioni?
4. Vipande vilivyovunjika katika karakana yetu vinakwenda wapi?

Kazi ya nyumbani: kila mmoja atengeneze vyumba vitatu vya mwanzi na kopo moja la vipande, avilete siku ya somo. Ukishaelewa, mfundishe na mwenzako asiyeweza kusoma karatasi hii.