SOMO: PIANO YA NYUZI NA PIANO YA UMEME, MATUNZO YAKE



Mnajua ya kuwa tunachanga falanga za kununua piano ya umeme ingine. Ile ya kwanza ilikufa mwaka jana, na ufunguo wa chumba cha muziki ulikuwa kwangu. Usiku ule kura ilikatika, mimi sikutoa fishi ukutani. Kura iliporudi na nguvu, piano ikanyamaza mpaka leo. Kwa hiyo nimejifunza jambo hili, tusirudilie kosa langu.

1. Piano ya nyuzi
Iko na vibonyezo 88 na nyuzi za chuma karibu 230. Ukibonyeza, nyundo ndogo ya mti yenye kuvikwa sufu inapiga nyuzi, na ubao mpana unakuza sauti. Nyuzi zote pamoja zinavuta kwa nguvu ya kupita tani 15. Ndiyo maana ndani mna kiunzi cha chuma. Wakati wa mvua mti unakunywa unyevu na kuvimba, wakati wa kiangazi unakauka. Hapo sauti zinapotoka. Mafundi wanashauri kulinganisha nyuzi mara mbili kwa mwaka. Ukiziacha miaka mingi, kuzirudisha ni kazi ndefu, na zenye kutu zinaweza kukatika. Tena nondo wanakula sufu, panya wanajenga ndani. Lakini kipande kimoja kikiharibika, fundi anabadilisha hicho tu. Ndiyo sababu piano nyingi zimepita miaka 50, hata 100.

2. Piano ya umeme
Haina nyuzi. Sauti zake zilirekodiwa na kuwekwa katika memwari, kwa hiyo hailinganishwi. Wengi wanasema: basi, haina matunzo. Si kweli! Chini ya vibonyezo mna mipira midogo yenye kugusanisha umeme. Vumbi na jasho vinaiharibu. Joto, maji, na kura ya kupanda na kushuka vinaua vyombo vya ndani. Na kiwanda kikiacha kutengeneza vipande vya aina ile, hata fundi hodari atakosa cha kuweka.

Basi, piano ya nyuzi inadai kidogo kidogo kila mwaka. Ya umeme inakaa kimya, halafu inadai yote siku moja.

3. Tufanye nini?
Piano yetu ya zamani ingali kando ya ukuta, nasi tunaweka ndoo juu yake. Papa mmoja fundi wa mbao aliifungua, akaniambia: «Mtoto, hii haiyakufa. Nyundo zimeliwa, lakini mti uko muzima.» Ninaomba:
– tutoe ndoo leo, tuisogeze mbali na ukuta wenye unyevu;
– mbele ya kununua ya umeme, tuweke falanga za stabilizateri na kifuniko;
– kura ikikatika, ao mvua ya radi ikianza, fishi itoke;
– kila mwaka sehemu ya mchango ibaki kwa matunzo.

Sisi wafinalisti tunaondoka. Ufunguo usipewe finalisti mwingine. Upewe mwanafunzi wa mwaka wa chini, nimfundishe sasa, naye amfundishe mwenye kumfuata.

Maulizo: Kwa nini piano ya nyuzi inapoteza sauti? Nani atatoa fishi usiku huu?

Kapita mkuu wa wanafunzi