SOMO LA AFYA: SUNZUA ZA KOO

Leo tunajifunza juu ya ugonjwa usioonekana mara nyingi: papilomatozi. Virusi vya HPV, zaidi namba 6 na 11, vinaotesha vinyama kama sunzua ndani ya zoloto, pale sauti inapotoka. Mtoto sauti inamkauka. Watu wanasema ni mafua, ao amelia sana. Kiisha anapumua kwa taabu, na vinyama vikizidi vinaweza kuziba njia ya hewa kabisa. Waganga wa hospitali wanavikata, vinaota tena, wanakata tena.

Sasa jambo la ajabu. Kwa wagonjwa wengine, mara nyingine wakati wa ujana, vinyama vinaacha kuota vyenyewe tu. Tuseme mgonjwa alikunywa maji ya majani juma lililopita: nini kimemponya? Sisi wenyewe tungeapa ni majani! Dawa ya mwisho ndiyo inapata sifa.

Ndiyo maana waganga wanalinganisha wagonjwa wengi, wenye kupata dawa na wasioipata. Dawa ya interferoni ilitumainiwa sana. Lakini majaribio ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 1988 yalionyesha hivi: miezi sita ya kwanza vinyama viliota polepole zaidi, miezi sita iliyofuata tofauti haikuonekana vizuri tena.

Na aliyepona je? Virusi vinaweza kulala kooni miaka mingi, halafu kuamka. Sauti ikikauka tena, arudi kwa munganga atazamwe koo, asingoje mpaka pumzi imshinde.