Tarehe 3 Juni Haisogei: Kupanga Upya Hija ya Namugongo Mkiwa Barabarani

Kutoka mpaka wa Busia hadi Namugongo ni takriban kilomita 200. Mwaka wa kwanza nilipopewa kazi ya kupanga safari ya jumuiya yetu, nilipiga hesabu nikiwa nimekaa mezani: kilomita 30 kwa siku, siku saba, tumefika. Siku ya tatu, kabla hata hatujaona taa za Iganga, ratiba yangu ilikuwa imekufa. Mvua ya Mei ilitunyeshea tangu Bugiri, wawili wetu walikuwa na tumbo la kuendesha, na mahali tulipotarajia kulala palikuwa pamejaa mahujaji waliotutangulia.

Nimerudi njia hiyo mara tatu tangu hapo. Jambo la kwanza ninalowaambia wanaojiandaa ni kwamba kuna kitu kimoja tu kisichobadilika, nacho ni sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Anzia hapo urudi nyuma. Mimi hupanga tuingie Namugongo tarehe 1, tupate siku ya kupumzika na kusali kabla umati haujafurika. Kisha naongeza siku mbili za akiba, na sizipangii mahali. Ukishaandika kwamba siku ya mapumziko ni Jinja, watu watajikaza kufika Jinja hata kama miili yao iliomba kupumzika Bugiri. Akiba ya pili siigusi mpaka tuvuke Nile, labda pawe na ugonjwa.

Mipango tunaibadilisha jioni. Saa sita mchana, jua kichwani, malori ya Kampala yakikupulizia vumbi usoni, kila mtu ana njaa na kila mtu ana maoni. Tukiamua saa hiyo tunaamua vibaya. Tunangoja tufike, tuoge, tule posho na maharage, halafu tunakagua miguu.

Ukaguzi huu si wa hiari. Tunaketi kwenye mkeka, viatu na soksi pembeni, katekista wetu anapita na tochi, mguu kwa mguu, anabonyeza kisigino, anapanua vidole. Ukimuuliza mtu atakwambia yuko salama, kwa sababu hakuna anayetaka kuwachelewesha wenzake. Nyayo hazifichi. Lengelenge lisilouma tunalifunika tu. Linalouma tunalitoboa pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, maji yanatoka, ngozi ya juu inabaki pale pale, kisha shashi na plasta. Tukiona usaha au wekundu unaosambaa, mwenye mguu huo asubuhi anakwenda zahanati. Miguu ikishakaguliwa ndipo tunajua kesho ni kilomita 30 au 18, na mwendo wa kundi unawekwa na yule aliyeumia zaidi.

Kuna kipande kimoja tu nisichokubali kukikata katikati: msitu wa Mabira. Barabara pale imebanwa na miti, pembeni pa kutembelea ni pembamba, na usiku ukikukuta humo hapana pa kujisitiri. Kwa hiyo hatulali Jinja mjini. Tunavuka daraja la Nile jioni ile ile tunapofika, tunalala Njeru ng'ambo ya pili, alfajiri tunaanza, tunapumzika Najjembe kwa ndizi za kuchoma, na giza linaingia tukiwa Lugazi. Kama jioni ya Njeru miguu haijawa tayari, siku ya akiba inaishia pale pale.

Lililo gumu kuliko yote ni kumwambia mtu apande gari. Mwaka wa pili, tukiwa Iganga, mama mmoja mzee wa kundi letu aliamka goti limevimba kama papai. Alikuwa ameweka nadhiri ya kutembea njia yote kwa ajili ya mjukuu wake mgonjwa. Nilipomwomba apande taksi, kama Waganda wanavyoita matatu, atangulie kwa ndugu zake Mukono, alijifunika leso usoni akalia. Alisema nadhiri imevunjika.

Mimi sikuwa na neno. Katekista alikaa chini karibu naye. "Mama," akasema, "Ponsiano Ngondwe hakufika Namugongo." Akamkumbusha kwamba shahidi huyo na wenzake walihukumiwa Munyonyo mwezi Mei 1886, wakaanza kupelekwa Namugongo kwa miguu, na Ngondwe akauawa njiani, Ttakajjunge, siku kadhaa kabla Karoli Lwanga na wenzake hawajachomwa moto tarehe 3 Juni. Hata hivyo ni mmoja wa wale 22 waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. "Kanisa halikumuuliza alibakiza kilomita ngapi."

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akaomba mfuko wake.

Siku ile nilijifunza kuwaambia watu habari ya Ngondwe nyumbani, kabla hatujaondoka, mtu aisikie angali na magoti mazima. Nilijifunza pia kukubaliana mapema mahali pa kukutana tena, ili anayepanda gari ajue bado yumo kundini. Kwetu ni njiapanda ya Kyaliwajjala, mwendo mfupi tu kutoka madhabahuni.

Yule mama tulimkuta pale tarehe 1 mchana, leso kiunoni, fimbo mkononi, goti limefungwa bandeji. Alitusalimu mmoja mmoja kwa neno alilojifunza Mukono, "Kulika", pole na safari. Akageuka akashika njia, nasi tukapunguza mwendo tukamfuata.