Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Kiswahili kwa Zana za Bure

Machi 2020 nilikuwa na wanafunzi sita wa Kiswahili mjini Tanga. Tulisomea barazani kwangu Ngamiani, mtaa ambao barabara zake huitwa kwa namba. Tarehe 16 ya mwezi huo ikatangazwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini, na kabla mwezi haujaisha wote sita walikuwa wamesharudi kwao. Nikabaki na ubao, sanduku la viatu lililojaa kadi za maneno, kompyuta mpakato iliyochoka, na ujumbe kwenye simu: "Mwalimu, sasa tutaendeleaje?"

Fedha za kununulia programu sikuwa nazo. Karibu kila nilichotumia tangu siku hiyo nilikichagua kwanza kwa sababu kilikuwa cha bure. Nimefundisha hivyo watu walioko Leipzig, Osaka na Toronto, na yafuatayo ndiyo niliyojifunza, mengine kwa kuumia.

1. Saa ya mwalimu ni ya mazungumzo

Programu ya mikutano niliyoanza nayo ilikuwa ikikata kikao cha kikundi kila baada ya dakika 40. Mwanzoni nilikasirika. Nilikuwa bado naeleza wakati uliopo na wakati uliopita, ghafla nyuso zote zinatoweka. Wiki ya tatu nikakaa nikahesabu: katika dakika zile 40 mimi nilikuwa nasema 30, na wanafunzi wanne wanagawana zilizobaki.

Nikabadili mpango. Maelezo yote ya sarufi niliyarekodi kwa simu, vipande vya dakika tano tano, nikawatumia siku mbili kabla ya kikao. Mazoezi ya kujaza nafasi niliyaweka kwenye fomu ya mtandaoni inayojisahihisha yenyewe. Kikao kikawa cha kusema tu: mmoja ameenda sokoni, mwingine ndiye muuzaji, wa tatu ni jirani anayeingilia bei. Zana zikachukua kazi ya kurudiarudia, kazi iliyokuwa ikinichosha na kuwachosha. Leo hata nikipata kikao kisicho na kikomo, nakifunga dakika ya 40.

2. Neno peke yake halifundishi Kiswahili

Hili ndilo somo lililonichukua muda mrefu kuliko yote.

Sanduku langu la viatu lilikuwa na vyumba vitano. Kadi ambayo mwanafunzi ameipatia huhamia chumba cha mbele na kurudiwa baada ya siku nyingi zaidi. Aliyoikosea hurudi chumba cha kwanza. Njia hiyo aliieneza mwandishi Sebastian Leitner katika miaka ya 1970, lakini mizizi yake inakwenda mbali zaidi: mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia yeye mwenyewe, akionyesha jinsi tunavyosahau kwa kasi mwanzoni, kisha polepole. Anki, programu aliyoianzisha Damien Elmes mwaka 2006, inafanya kazi ya sanduku langu, na inakumbuka tarehe ya kila kadi. Kwenye kompyuta ni ya bure. Kwenye simu za Android ipo AnkiDroid, inayotunzwa na watu wanaojitolea. Wenye iPhone ndio hulipia.

Niliwaambia wanafunzi wapakue kadi zilizokwisha tengenezwa na watu wengine, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili lugha yao. Mwanafunzi wangu wa Osaka alijitahidi kuliko wote. Ndani ya miezi mitano alikuwa na maneno zaidi ya 900. Siku moja akaniambia, kwa uchungu wa kweli: "Mwalimu, kitabu yangu imepotea."

Wapo wasemaji wengi wa bara wanaosema hivyo na wanaelewana vizuri kabisa. Ila yeye alitaka kusoma riwaya na kuandika barua, na maneno yake 900 yalikuwa yamekaa kichwani kama matofali yasiyo na udongo wa kuyaunganisha. Kosa lilikuwa langu. Katika Kiswahili jina halitembei peke yake. Linaburuta sentensi nzima nyuma yake. Ukijifunza "kitabu" bila "changu" na "kimepotea", umejifunza nusu ya neno.

Tukaanza upya. Kila jina likapata kadi zisizopungua tatu, zote sentensi zenye pengo: umoja, wingi, na moja yenye sifa. "Kiti ___angu ___mevunjika." "Viti ___angu ___mevunjika." Kisha tukaingia kwenye majina yanayowatega wageni, na hapo ndipo kadi zilipoonyesha thamani yake. Chukua neno "kiboko". Kadi moja inasema "Kiboko mkubwa amelala mtoni." Nyingine inasema "Kiboko kikubwa kimetundikwa ukutani." Neno ni lilelile, mnyama na fimbo vinatofautishwa na upatanisho tu. Hakuna maelezo yangu yaliyowahi kuwaingia wanafunzi kama kadi hizo mbili zilizokuja siku moja, moja asubuhi na moja jioni.

Jambo la pili nililoligundua ni kwamba kadi aliyoitengeneza mwanafunzi mwenyewe inakaa kuliko kadi 10 za kupakua. Akiitunga sentensi, anakutana na ngeli. Akikosea, namsahihisha kabla haijaingia kwenye mzunguko. Kadi 300 za jasho lake zinanitosha kwa mwaka wa kwanza.

3. Tafsiri ya mashine ni mahali pa kuanzia swali

Mwanafunzi wangu mmoja, mkunga wa Leipzig, alirudi Tanga kwa likizo mipaka ilipofunguka. Alitaka kupanda basi la kwenda Lushoto, akamwandikia dereva wa teksi kwa msaada wa programu ya kutafsiri kwamba amfuate saa mbili asubuhi. Programu ikahesabu kwa saa za kwao, ikaandika "saa nane". Dereva, mtu mwaminifu, akafika saa nane mchana. Basi lilikuwa limeondoka tangu asubuhi, na mama wa watu amekaa juu ya begi lake, amechoka kupiga simu.

Mwingine alimwandikia mwenye nyumba wake wa zamani, aliyefiwa na mama: "Samahani kwa kifo cha mama yako." Maneno yote ni sahihi. Lakini "samahani" husemwa na mwenye kosa, na mfiwa alibaki akijiuliza huyu kafanya nini. Alichotafuta mwanafunzi wangu ni "pole", neno ambalo hatulisemi kwa sababu tumekosa. Tunalisema kwa sababu mwenzetu amebeba kitu kizito.

Nilitaka kuzipiga marufuku programu hizo. Kisha mwanafunzi wa Toronto, kijana wa miaka 14 ambaye mama yake ni wa hapa Tanga, akaniuliza kitu kilichonifanya nibadili mawazo. Alikuwa ameingiza "Anapika" akapata jibu kuwa ni mwanamke. Akaingiza "Anaendesha lori" akapata kuwa ni mwanamume. "Mwalimu, imejuaje?" Haikujua. Kiambishi "a-" hakina jinsia, na mashine ilikuwa inakisia kutokana na maandishi iliyolishwa. Tulizungumza saa nzima juu ya hilo, na hakuna kitabu changu kilichowahi kunipa somo zuri kama lile. Sasa ni kazi ya nyumbani ya kila mwezi: niletee sentensi moja ambayo mashine imeikosea, na unieleze kwa nini.

4. Mwache muuza kahawa apite

Narekodi sauti kwa Audacity, programu ya bure na ya siku nyingi. Mwanzoni nilijifungia chumbani usiku na kufuta kila kelele: adhana, pikipiki, muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake. Sauti zikawa safi kama za redio. Wanafunzi wakazielewa zote, kisha wakampigia simu mtu aliyeko Tanga wasielewe hata nusu.

Nikaacha kufuta. Nikawaomba majirani waseme sentensi zilezile: mzee wa Kidigo, dada wa saluni, mtoto wa darasa la nne. Lugha huishi ndani ya kelele, na sikio linahitaji kuzoezwa humo.

Faida nyingine ya sauti ni mkazo, ambao maandishi yetu hayauonyeshi. Neno "barabara" tunayopita huwekwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. "Barabara" ya kusema kazi imefanywa sawasawa, mkazo wake husogea nyuma. Katika mtaa wa barabara zenye namba, hilo si jambo dogo. Na "ng'" ya ng'ombe haifundishiki kwa maandishi kabisa. Ujumbe wa sauti wa sekunde nne, ukirudiwa na mwanafunzi mara sita akijirekodi na kujilinganisha, unatosha.

5. Maktaba iko wazi, ila isomeni kidogo kidogo

Kozi ya Kiswahili ya Foreign Service Institute ya Marekani iliandaliwa miaka ya 1960, na kwa kuwa ni kazi ya serikali yao, mtu yeyote anaweza kuitumia. Baadhi ya mambo yake yamezeeka, lakini mazoezi yake ya kubadilisha kiambishi kimoja kimoja ndani ya sentensi bado yana nguvu. Language Transfer ya Mihalis Eleftheriou ina kozi nzima ya Kiswahili kwa sauti, ya bure, inayomlazimisha msikilizaji kusimamisha na kufikiri kabla ya kujibu. Naipenda kwa sababu inaonyesha jinsi kitenzi kinavyojengwa. Duolingo ina Kiswahili tangu 2017, nayo husaidia kumjengea mtu mazoea ya kila siku. Kwa kusikiliza, idhaa za Kiswahili za BBC na DW hazina kifani, na mwanafunzi anaweza kupunguza kasi ya rekodi.

Kwa walioiva kuna kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, matunda ya kazi ndefu ya Profesa Arvi Hurskainen. Unaandika neno, unaonyeshwa sentensi halisi nyingi lilimotumika. Mimi mwenyewe, mzaliwa wa lugha hii, huitumia ninapobishana na nafsi yangu.

Kosa langu lilikuwa kuwatumia wanafunzi viungo 20 kwa siku moja. Hawakufungua hata kimoja. Sasa natoa kimoja kwa mwezi.

6. Weka nakala yako

Tovuti moja niliyoitegemea kwa mazoezi ilibadili masharti yake, na kazi yangu ya miaka miwili ikawa nyuma ya malipo nisiyoyamudu. Tangu hapo, kila sentensi ninayoitunga inaishi kwanza kwenye faili la kawaida la maandishi kwangu, na nakala kwenye diski mweko iliyo kwa dada yangu Pangani.

7. Uliza bure ni kwa nani

Bando si bure. Mwanafunzi wa Leipzig hafikirii video ya dakika kumi. Binti wa jirani yangu, anayejifunza Kijerumani kwa zana hizihizi, anaihesabu kwa shilingi. Kwa hiyo ninapotengeneza kitu natengeneza sauti kabla ya video, na faili la kupakua mara moja kabla ya kitu cha kutazama mtandaoni kila mara. Umeme ukikatika, sauti iliyoko kwenye simu bado ipo.

Na sauti zina wenyewe. Nilimwomba mama anayeuza vitumbua kona ya barabara yetu anisomee sentensi 15. Aliposema yote, akafuta mikono kwenye kanga, akaniuliza: "Mwanangu, sauti yangu unaipeleka wapi?" Nilikuwa sijajiandaa. Nilikaa kwenye kigoda chake nikamweleza: nani atasikia, nchi gani, na kwamba akisema basi, nitaifuta. Akakubali wanafunzi wangu tu, si mtandao mzima. Nimeheshimu hivyo mpaka leo, na kila jirani namweleza kabla hajafungua kinywa.

Mimi nimeamua kutoa yangu. Baadhi ya jioni nasoma sentensi kwenye Common Voice ya Mozilla, mradi ambamo watu wa kawaida hutoa sauti zao na kuhakiki za wenzao, na zikikusanywa yeyote anaruhusiwa kuzitumia. Nilisukumwa na bibi yangu wa Tongoni, ambaye lahaja yake, Kimtang'ata, hakuna simu inayoisikia vizuri. Kama sisi wa pwani hatusemi humo, mashine zitajifunza Kiswahili bila sisi.

Mwaka jana yule kijana wa Toronto aliniomba amtumie salamu mama wa vitumbua, kwa kuwa ameisikia sauti yake miezi mingi. Akarekodi: "Shikamoo bibi. Mimi ni mwanafunzi wa mwalimu. Vitumbua vyako vinauzwaje?" Nikampelekea simu mpaka kwenye karai lake. Aliirudia mara tatu, akacheka mpaka akatoa machozi, kisha akajibu: "Marahaba mjukuu wangu. Na wewe ni mtoto wa nani?"

Kijana akanipigia akiwa na wasiwasi. Jina la mama yake alikuwa nalo, lakini alihisi kuwa bibi hakuuliza jina. Jumamosi ile tuliacha ngeli tulizokuwa tumezipanga. Mama yake akaja akakaa kando yake mbele ya kompyuta, na kwa dakika 40 tukapanga jamaa zake: mjomba wa Muheza, shangazi wa Pongwe, baba mdogo aliyehamia Mombasa, mpaka akaweza kusema mwenyewe, bila karatasi, yeye ni mtoto wa nani.