Tujihadhari na Wezi wa Mifukoni

Baada ya mavuno wengi wetu husafiri. Tumeuza pamba au mahindi, tunakwenda mjini kununua bati au kulipa ada ya mtoto. Hela hizo ni jasho la mwaka mzima. Mwizi wa mfukoni huzichukua mara moja tu, wala huhisi. Basi leo tujifunze namna anavyofanya kazi yake.

Kwanza, mara nyingi mwizi huyu hayuko peke yake. Huwa wawili au watatu. Mmoja anakukanyaga mguu, kisha anakuomba radhi. Wewe unamtazama yeye. Hapo wa pili anatia vidole mfukoni mwako. Akishachomoa, anampa wa tatu, naye huyoo, ametoweka! Ukimpekua yule wa kwanza, humkuti na kitu.

Pili, wezi hawa hupenda msongamano. Huko Dar es Salaam, kwa mfano, wasafiri hujaa katika stendi ya Mbezi na soko la Kariakoo. Mlangoni mwa daladala kila mtu anasukumwa, kwa hiyo hushtuki ukiguswa.

Tatu, sisi wenyewe humwonyesha mwizi pesa ziliko. Tunahesabu noti mbele za watu. Tunapapasa mfuko kila mara. Mtu akisema, "Jamani, hapa pana wezi!" sote tunashika mifuko. Mwizi anatazama tu mkono umekwenda wapi.

Tufanye nini?

1. Tugawe fedha. Nauli na pesa ya chakula ziwe karibu. Nyingine tuziweke katika mfuko ulioshonwa ndani ya nguo, ufungwe kwa pini. Mfuko wa nyuma wa suruali si mahali pa pesa.

2. Mkoba tuushike mbele, kifuani.

3. Tusigombanie mlango wa basi. Tungoje wenye pupa wapite.

4. Fedha nyingi tuziweke kwenye simu kwa wakala kabla ya safari. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata. Namba ya siri tuiweke kichwani. Tusiiandike kwenye karatasi ya mfukoni. Simu ikiibwa, tuiarifu kampuni upesi ili laini ifungwe.

Na ukiibiwa je? Toa taarifa polisi, au piga 112. Lakini tusimpige mtu kwa kumshuku. Aliyesimama karibu nawe pengine ni msafiri kama wewe, na mwizi amekwisha kwenda zake. Tukimuua mtu huyo, hela hazirudi, roho ya mtu imepotea, na sisi tunashtakiwa kwa mauaji.

Tahadhari kabla ya hatari.

Maswali ya kuzungumza pamoja:

1. Kwa nini mwizi hukukanyaga mguu?
2. Kupapasa mfuko kila mara kuna hatari gani?
3. Katika safari yako ijayo, fedha zako utazigawa vipi?