Dondoo muhimu: Kuvaa manukato ghali kwenye joto la Kigamboni

Nimejifunza kwa jasho: marashi mazito, kama ya kampuni ya Amouage ya Oman (iliyoanzishwa 1983), harufu yake husambaa kwa nguvu upesi kwenye joto la pwani.

1. Yajaribu ngozini, si kwenye karatasi tu. Subiri saa 3 au 4 ndipo ulipe.
2. Bei chee kwa jina kubwa? Shuku bandia.
3. Oga, jikaushe, pakaa mafuta yasiyo na harufu, kisha jipulizie.
4. Mchana puliza mara 1 au 2; udi mzito uache kwa jioni na harusi.
5. Usisugue vifundo vya mikono. Acha yakauke yenyewe.
6. Usijipulizie ndani ya pantoni au daladala. Jirani hana pa kukimbilia.
7. Usipake mafuta ya udi kwenye kanzu nyeupe wala hariri, huacha madoa.
8. Umeacha kuyasikia? Usiongeze; pua imezoea, wenzako bado wanayasikia.
9. Usiache chupa garini juani wala bafuni. Itunze kabatini, ndani ya boksi lake.